Friji inafanya "tik" na kunyamaza, runinga imetoa moshi: nitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI

Shikamoo mshauri.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pasua hapa Moshi, na kipato changu kinatokana na maziwa mgando na juisi ya ukwaju ninayouza asubuhi kwa wanafunzi na vijana wa bodaboda. Wiki mbili zilizopita, jioni ya Jumapili mvua ikinyesha, umeme ulikatika kwa dakika kumi hivi, na uliporudi taa ziliwaka kwa mwanga mkali ambao sijawahi kuuona. Balbu mbili zilipasuka, runinga ikatoa moshi kwa nyuma pamoja na harufu ya plastiki inayoungua, na friji ikaguruma mara moja kisha ikanyamaza. Nilikimbilia mein swichi nikazima kila kitu. Tangu siku hiyo nikiichomeka friji, inatoa mlio mzito kwa sekunde chache, inafanya "tik", inanyamaza, na baada ya dakika kadhaa inarudia vilevile. Taa yake ya ndani inawaka.

Friji hiyo niliinunua ya mtumba mwaka 2017 kwa shilingi 320,000. Nyuma ina kibandiko kilichoandikwa 220-240 V, 50 Hz, R134a. Fundi wa kwanza alifika nyumbani, akaigusa kompresa (ile mashine ya nyuma inayosukuma gesi ya friji) kwa kiganja, akasema ni ya moto, imekufa na gesi imeisha, na gharama ni 220,000. Fundi wa pili, mwenye kibanda karibu na soko la Mbuyuni, nilimsikilizisha mlio niliorekodi kwenye simu, naye akasema huenda ni rilei, kazi ya 35,000 pamoja na kifaa. Kwa runinga, ambayo ni ya inchi 32, fundi anataka 70,000 bila kunieleza ameona nini. Shemeji anashauri niuze vyote kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, ninunue friji nyingine ya mtumba aliyoiona Majengo kwa 380,000. Baba watoto anasema tukope tununue mpya ya 850,000, kwa kuwa hii ya zamani inakula LUKU. Fedha niliyo nayo ni 450,000 ya kikoba, na sitaki kuipoteza.

Kuhusu LUKU: nikinunua ya 10,000 napata uniti 28, na zilikuwa zinanifikisha siku tisa. Tangu friji na runinga zizime, kwa siku 14 nimetumia uniti 11 tu.

Sijui kama haya yanahusika, lakini jirani yetu anayechomelea mageti akianza kazi, taa zangu huongezeka mwanga na za mpangaji wa nyumba ya mbele hufifia. Pia zamani nilipoigusa friji kwa mkono wenye maji nilikuwa nahisi umeme ukinitekenya kidogo. Plagi yake ni ile ya miguu miwili ya mviringo, tunaiingiza kwenye soketi kwa msaada wa kijiti.

Nisaidie niamue.

Mama wa Mgando, Pasua, Moshi

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Najua kwamba kwako friji iliyozimika maana yake ni ndoo za maziwa zisizonunuliwa alfajiri na wateja wanaohamia kwa mwingine, kwa hiyo nitakujibu kwa kadiri ya uzito wa jambo lenyewe. Tafadhali kuanzia leo usiichomeke tena friji hiyo kuijaribu, maana kila "tik" unayoisikia ni kompresa inayopashwa moto pasipo kuzunguka, na kifaa ambacho leo kinatengenezeka kinaweza kuungua kabisa kwa majaribio hayo.

Mambo mawili uliyoyaweka mwishoni mwa barua yako, ukidhani pengine hayahusiki, mimi nayaweka mwanzoni. Taa zako kuongezeka mwanga wakati za mwenzako zinafifia ni dalili ninayoiogopa kuliko harufu ya runinga iliyoungua. Kwenye nguzo zetu hupita nyaya tatu za fezi, yaani zinazoleta umeme, na moja ya nyutro, yaani ya kuurudisha. Kati ya fezi moja na nyutro kuna volti 230, ambazo ndizo vifaa vyako vinazohitaji, lakini kati ya fezi na fezi kuna volti 400. Nyutro ndiyo inayoshikilia usawa wa nyumba zote zinazotegemea njia ile. Ikilegea au ikakatika mahali fulani, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti zinaanza kugawana zile volti 400 kulingana na mzigo wa kila moja: yenye vifaa vingi vinavyofanya kazi inapata pungufu, na yenye vifaa vichache inapata ziada. Ndiyo maana mashine ya kuchomelea ikianza huko, balbu zako zinachangamka na za jirani zinalegea. Ni kama mizani ya dukani: upande mmoja ukishuka, mwingine unapanda. Jioni ile ya mvua, nadhani kiungo kilichokuwa kikishikilia kwa taabu kiliachia kabisa, na nyumba yako ndiyo iliyoangukiwa na ziada.

Sasa fikiria umekopa, umenunua friji mpya ya 850,000, umeileta kwenye nyumba hiyohiyo yenye nyutro inayocheza. Ingeweza kuungua kabla hujamaliza hata rejesho la pili. Kwa sababu hiyo, swali la kutengeneza au kununua haliwezi kujibiwa kabla ya kulimaliza hili. Toa taarifa kwa msambazaji wa umeme, ueleze kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, kwamba taa zako hupanda mwanga na za jirani hushuka, kisha omba namba ya taarifa na uiandike kwenye daftari. Sehemu ya kuanzia nguzoni hadi kwenye mita ni yao, asiiguse fundi wa mtaani wala baba watoto. Kuanzia kwenye mita kuingia ndani ni jukumu lako. Hapo mwite fundi wa kufunga umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, akaze viungo vya nyutro kwenye mein swichi, kisha apime volti kwenye soketi mashine ya jirani ikiwa inafanya kazi na ikiwa imezimwa. Namba hizo mbili zikipishana sana, tatizo bado lipo.

Jambo la pili ni kutekenywa. Hilo linahusu uhai wako na wa watoto, na nakusihi usilichukulie kama mazoea. Plagi ya miguu miwili ya mviringo ni ya nchi za bara la Ulaya, ambako ethi yake, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, hugusana na soketi kupitia vibati vilivyo ubavuni mwa plagi. Soketi zetu ni za miguu mitatu bapa, na kijiti mnachochomeka kwenye tundu la juu hufungua tu vizuizi vya matundu ya chini. Ethi haigusi popote. Maana yake ni kwamba tangu mwaka 2017 mwili wa bati wa friji yako haujawahi kuunganishwa na ardhi, na umeme wowote uliovuja ndani yake ulikuwa ukisubiri mtu mwenye mkono wa maji na miguu peku kwenye sakafu ya saruji ili upite kwake. Plagi hiyo ikatwe, ifungwe ya miguu mitatu yenye fyuzi yake ndani, na fundi ahakikishe kwamba soketi yenyewe ina waya wa ethi unaofika kwenye fimbo ya ardhini, kwa sababu nyumba nyingi zina tundu la ethi ukutani lakini nyuma yake hakuna waya.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye friji yenyewe.

Fundi wa kwanza simwamini, na nitakueleza sababu. Alisema gesi imeisha. Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka yote, na haipungui pasipo kuwepo mahali inapovujia. Umeme kupanda hautoboi bomba. Tena kompresa isiyozunguka haiwezi kumwonyesha mtu kwa kuigusa tu kama gesi ipo au haipo. Aliigusa kwa kiganja akaikuta ya moto, lakini joto hilo linasema jambo moja tu, kwamba umeme unaifikia kompresa na mota inashindwa kuanza. Kwa nini inashindwa, kiganja hakiwezi kujua.

Fundi wa pili amekisia, ila amekisia vizuri. Pembeni mwa kompresa, chini ya kifuniko cha plastiki, kuna vifaa viwili vidogo. Kimoja ni rilei, ambayo huisukuma mota ianze kuzunguka halafu hujitoa, na kingine ni ovalodi, ambayo hukata umeme mota inapopata moto kupita kiasi. Ile "tik" yako ni ovalodi inayofanya kazi yake kwa uaminifu. Inakata, inapoa, inarudisha, inakata tena. Volti zikipanda ghafla, rilei za aina ya kisahani huweza kupasuka ndani, na namna ya kuitambua iliyopasuka ni rahisi: fundi aichomoe, aitikise karibu na sikio lako. Ikilia kama njugu ndani ya kopo, imekwisha. Rilei nzima ya aina hiyo hailii hivyo.

Lakini asiishie hapo, na usilipe kabla hajakuonyesha kipimo kinachofuata. Akishachomoa rilei ataona pini tatu kwenye kompresa. Apime ukinzani kati ya kila jozi kwa mita yake, na akusomee namba tatu kwa sauti. Katika kompresa nzima, namba mbili ndogo zikijumlishwa hutoa ile kubwa: kwa mfano 12 na 20 kwa 32. Zikikataa kujumlika, au mita ikionyesha kwamba njia moja imekatika, nyaya za ndani zimeungua. Kisha aweke ncha moja ya mita kwenye pini na nyingine kwenye bati la kompresa palipokwanguliwa rangi, afanye hivyo kwa pini zote tatu. Hapo mita haipaswi kuonyesha mpitisho wowote. Ikionyesha, umeme unavuja kwenye mwili, na huenda huko ndiko kutekenywa kwako kulikotoka. Zoezi lote hili halizidi dakika tano, na fundi anayekataa kulifanya mbele yako hastahili hata hiyo 35,000.

Vipimo vikiwa sawa, tengeneza bila kusita. Badilisha rilei na ovalodi kwa pamoja, maana ovalodi iliyofanya kazi kwa siku kadhaa mfululizo imechoka, na hakikisha zinalingana na ukubwa wa kompresa yako.

Vipimo vikionyesha kwamba kompresa imeungua, ushauri wangu ni kwamba usiitengeneze, ingawa mimi kwa tabia ni mtu wa kutengeneza na huumia kuona chombo kinatupwa. Kompresa iliyoungua huacha asidi ndani ya mafuta na mabomba. Fundi anayefunga mpya bila kusafisha mfumo, bila kubadilisha kichujio cha gesi, na bila pampu ya kunyonya hewa na unyevu kabla ya kujaza, anakuuzia kompresa ya miezi michache. Wapo wanaoifanya kazi hiyo sawasawa, na baadhi wamepita vyuo kama VETA na kununua pampu zao wenyewe. Ila kwa friji ambayo ilikuja ikiwa imeshatumika, usiyojua umri wake halisi, kutoa 220,000 wakati nyingine ya mtumba inauzwa 380,000 ni kutoa zaidi ya nusu ya bei kwa ajili ya mwili uliochoka. Ingekuwa ni friji uliyoinunua mpya miaka mitatu iliyopita, ningekujibu tofauti kabisa.

Kuhusu hoja ya baba watoto, ambayo ni ya haki, wewe mwenyewe umetuletea hesabu na nakupongeza kwa kuitunza. Uniti 28 kwa siku tisa ni kama uniti 3.1 kwa siku. Sasa unatumia uniti 11 kwa siku 14, yaani chini kidogo ya 0.8 kwa siku. Tofauti ni uniti 2.3, na ukiondoa sehemu ndogo ya runinga, friji ilikuwa ikila karibu uniti mbili kwa siku, au 60 kwa mwezi. Kwa bei unayonunulia, ambayo ni kama shilingi 357 kwa uniti, hiyo ni 21,000 na ushee kila mwezi. Tuseme friji mpya ingekula nusu yake. Ungeokoa kama 10,700 kwa mwezi. Gawanya 850,000 kwa kiasi hicho na utapata miezi 79, zaidi ya miaka sita, kabla akiba ya LUKU haijarudisha bei, na hapo sijaingiza riba ya mkopo. Kwa hiyo LUKU peke yake haitoshi kuwa sababu ya kukopa. Kuna mahali pa kuokoa kwa bei ndogo zaidi: funga mlango wa friji ukiwa umebana noti katikati, kisha uivute. Ikitoka bila kukinzana, mpira wa mlango umelegea na baridi inatoka usiku kucha. Jaribu pande zote nne. Mpira hubadilishwa, na mara nyingine ukioshwa kwa maji ya moto yenye sabuni hurudi kushika.

Ile friji ya Majengo anayoisema shemeji, usiikatae wala usiikubali kwa kuambiwa. Soma kibandiko chake kama ulivyosoma cha kwako. Ikiwa imeandikwa volti 100 au 115, ni ya Japani au Marekani na haichomekwi hapa kwetu moja kwa moja. Tazama pia jina la gesi yake, kama ile R134a ya kwako. Ikiwa imeandikwa R12, iache. Ni ya zamani sana, na gesi hiyo iliondolewa duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu inaharibu tabaka la ozoni. R600a ni nzuri na haili umeme mwingi, lakini gesi hiyo inashika moto, kwa hiyo fundi wake awe anajua anachofanya, na usikubali mtu aijaze gesi nyingine. Iwashwe mbele yako saa mbili nzima, siyo dakika kumi za kusikiliza mngurumo. Lete kikombe cha maji, kiweke kwenye friza, na ukae hapo.

Runinga ninaizungumza kwa ufupi kwa sababu haikuletei chakula mezani. Moshi wa nyuma mara nyingi hutoka kwenye bodi ya pawa, ambako kuna fyuzi na kifaa kidogo cha mviringo kilichowekwa makusudi kife kwanza ili kuokoa vingine. Vikiwa ni hivyo viwili tu, gharama ni ndogo kuliko uliyotajiwa. Bodi nzima ikiwa imeungua, mafundi huipata kwenye runinga za aina hiyohiyo zilizopasuka kioo, na 70,000 inaweza kuwa bei ya haki ikiwa utaonyeshwa bodi ya zamani iliyotolewa na utaiangalia picha kwa nusu saa kabla ya kulipa. Kioo kikiwa na mistari au giza upande mmoja baada ya pawa kupona, simamisha kazi na usiongeze hata shilingi. Nawaomba pia msiifungue wenyewe nyumbani, kwani kapasita za ndani huhifadhi zaidi ya volti 300 hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kwa hiyo 450,000 yako ningeipanga hivi. Fungu la kwanza ni la fundi wa umeme wa nyumba, ethi na plagi, hata kama litakuuma kwa kuwa halionekani sebuleni. La pili ni vipimo na rilei ya friji. La tatu ni kifaa cha kulinda friji, kile kinachokata volti zikipanda au zikishuka kupita kiasi, na ambacho umeme ukirudi husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Kusubiri huko kuna maana, kwa kuwa gesi ndani ya mabomba inahitaji muda mgandamizo wake utulie, na kompresa ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo inakwama. Usitumie kile cha runinga kwa friji, hakisubiri vya kutosha. Na radi zikianza, chomoa plagi ukutani, maana hakuna kifaa cha dukani ninachokiamini mbele ya radi. Runinga isubiri mauzo ya mwezi ujao.

Balbu zilizopasuka, rilei na bodi vitakavyotolewa usivitupe. Piga picha, andika tarehe na saa ya tukio, na kila fundi akuandikie risiti inayotaja kilichoharibika na kwa nini. Ukitaka kudai fidia, barua yako ianzie kwa msambazaji pamoja na ile namba ya taarifa, na usiporidhika na majibu unaweza kupeleka lalamiko EWURA, ukisaidiwa na baraza lao la watumiaji, EWURA CCC. Sikuahidi matokeo, ila dai lisilo na karatasi halisikilizwi popote.

Friji ikishawaka, usikimbilie kununua maziwa siku hiyohiyo. Iache usiku mmoja ikiwa tupu, ukiwa umeweka bakuli la maji kwenye friza na umeandika namba ya uniti kwenye mita kabla ya kulala. Asubuhi, ukikuta barafu ngumu hadi katikati ya bakuli, na kompresa ikizima na kuwaka yenyewe bila ile "tik", agiza lita chache tu za kuanzia.